Ndama wa Nyumbu Hufa na Nini?

Ukimkuta ndama wa nyumbu peke yake porini, amekonda na analia, huruma itakujia kama kwa ndama wa zizini mwako. Wananchi wa Busawe, tunawaomba msimbebe. Sababu ni hizi.

Nyumbu wengi wa Serengeti huzaa kwa mpigo, katika majuma machache kati ya Januari na Machi, kwenye nyanda za kusini karibu na Ndutu. Ndama husimama baada ya dakika chache tu, maana fisi, simba na mbweha wanamngoja. Kwa kuwa wamezaliwa wengi kwa pamoja, walao nyama hushiba na ndama wengi husalimika. Anayepotezana na mama ndiye hana bahati: nyumbu jike humjua mwanawe kwa harufu na sauti, na mtoto wa mwenzake humfukuza. Vurugu za kuvuka Mto Mara hutenganisha wengi, na kila mwaka nyumbu zaidi ya 6,000 kwa wastani huzama humo, wakubwa kwa wadogo.

Zamani kulikuwa na muuaji mkubwa kuliko fisi: ugonjwa wa sotoka. Kinga aliyoipata kwa mama ilipokwisha, akiwa na umri wa yapata miezi saba, ndama aliugua akafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Ng'ombe wa pembezoni mwa hifadhi wakachanjwa, ugonjwa ukatoweka porini, na kufikia 1977 nyumbu walizidi milioni 1.3. Hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Ni ng'ombe wa wafugaji waliochanjwa. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani.

Si ng'ombe tu wanaoweza kupeleka ugonjwa porini; mbwa nao wana sehemu yao. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaodhaniwa ulitokana na mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Siku ya chanjo ikitangazwa, leta mbwa wote, hata yule anayelinda mbuzi tu.

Sasa huyo ndama uliyemhurumia. Nyumbu wachanga hutoa puani na machoni virusi visivyowadhuru wao, lakini ng'ombe akivipata hupata homa kali, kamasi nzito na macho meupe, kisha karibu kila mara hufa. Hatari ni kubwa zaidi kutoka kwa ndama wa nyumbu wa chini ya miezi minne, na umri wa ndama aliyekonda si rahisi kuukadiria kwa macho. Isitoshe, kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Ondoa mifugo yako eneo hilo, zuia mbwa, kisha mjulishe mtendaji wa kijiji au askari wa wanyamapori aliye karibu.