USO KUWAKA BAADA YA POMBE: USIMPE MTU DAWA KWA SIRI
Kijitabu cha elimu kwa umma

Kwa nini tumetoa kijitabu hiki

Malalamiko ya aina moja yanazidi kutufikia. Mtu amekunywa pombe aliyoizoea, kwa kiasi alichokizoea, na kabla hajamaliza glasi uso unawaka, moyo unamwenda mbio, anatapika. Ndugu wanasema karogwa. Wengine wanamgeukia mwenye kilabu kwamba kauza pombe yenye sumu. Hakuna anayekumbuka kuuliza swali la kwanza: huyu amemeza dawa gani?

Tunajua wapo wanaodhani vijitabu vya ofisi huandikwa kuwatisha wananchi. Soma hiki hadi mwisho, kisha muulize mfamasia yeyote unayemwamini.

Kinachotokea mwilini

Ini huvunja pombe kwa hatua mbili. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu. Kisha kimeng'enya kiitwacho ALDH huiondoa sumu hiyo. Hatua ya pili ikizuiwa, sumu hujaa kwenye damu, mishipa ya damu hutanuka na uso huwaka.

Japani, China na Korea wako watu wengi waliozaliwa na kimeng'enya hiki kikiwa dhaifu. Inakadiriwa kuwa zaidi ya thuluthi moja ya watu wa Asia Mashariki wako hivyo. Kwao uso mwekundu ni onyo la maisha: anayeendelea kunywa hujiongezea sana hatari ya saratani ya koo la chakula. Kumeza vidonge vya kuficha wekundu ili aendelee kunywa hakumwondolei hatari hiyo.

Kwa Waafrika kasoro hii ya kurithi ni nadra. Kwa hiyo, mtu wa hapa kwetu aliyekunywa miaka yote bila shida, kisha ghafla uso ukaanza kuwaka, achunguze dawa kwanza.

Dawa za kuangalia

• Disulfiramu, dawa ya kumsaidia mtu kuacha pombe. Pengine utaikuta kwa jina la Antabuse.
• Metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flagyl, ya amiba na maambukizi mengine.
• Tinidazoli, jamaa yake wa karibu.
• Griseofulvini, ya fangasi wa ngozi na kucha.

Kwa metronidazoli na tinidazoli, usiguse pombe siku zote za dozi, na baada ya kidonge cha mwisho subiri siku 3 kamili. Si kila mtu hudhurika, lakini hakuna ajuaye mapema nani atadhurika. Usijipime.

ONYO KUU: DISULFIRAMU HAITOLEWI KWA SIRI

Hili ndilo lililotufanya tuandike.

Mke amechoka. Mshahara unaishia kilabuni, watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Shoga yake anamnong'oneza kuwa kuna vidonge: saga, tia kwenye uji, koroga, mpe. Mume anakunywa uji wake, anaaga, anaenda kwenye pombe yake ya mbege. Dakika 10 hadi 30 baada ya kunywa, uso na shingo vinawaka, kichwa kinagonga, pumzi inakata. Yeye hajui kilichompata, na wenzake wanamwongezea glasi ili “azimue”. Kila glasi inaongeza sumu.

Tunauelewa uchungu wa mke huyu. Lakini alichokifanya kinaweza kuua. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, shinikizo la damu likashuka ghafla, akapata degedege, akafa. Maelezo rasmi ya dawa hii yanasema wazi: asipewe mtu aliyelewa, wala mtu asiyejua kwamba anapewa.

Dawa hii ilijulikana nchini Denmark katika miaka ya 1940. Watafiti Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo, wakaimeza wenyewe, na walipokunywa pombe wakaugua. Waliitambua sababu kwa kuwa walijua walichomeza. Aliyetiliwa dawa kwenye uji hana nafasi hiyo, na daktari atakayempokea hataambiwa la kumsaidia.

Tunarudia: usiitie kwenye uji, usiitie kwenye chai, usiitie kwenye mchuzi. Nguvu yake hubaki mwilini hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kuacha kumpa leo hakumwokoi kesho.

Vilevile, usinunue “dawa ya kuacha pombe” kwa mchuuzi wa stendi au mnadani. Unga usio na jina, usio na kipimo wala tarehe, hakuna ajuaye una nini ndani.

Nani anafaa kutumia disulfiramu

Aliyekubali mwenyewe, ambaye hajaonja pombe kwa saa 12 au zaidi, na aliyepimwa na daktari. Haimfai mwenye ugonjwa mkali wa moyo au saikosisi, wala aliyetumia metronidazoli karibuni. Mwenye ini bovu, kisukari, kifafa au ujauzito aseme mapema. Anayeitumia ajihadhari pia na dawa za kikohozi zenye alkoholi. Mengine ataelezwa kliniki.

Dalili na hatua za kuchukua

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Usiusubiri. Gusa mashavu na masikio kama yana moto, tazama macho kama yamekuwa mekundu, angalia mishipa ya shingo inavyopiga. Sikiliza anachosema: kichwa kinagonga, moyo unakimbia, kifua kinabana.

1. Asinywe tena hata tone. Asizimue.
2. Akisikia kizunguzungu, mlaze na umwinue miguu. Akitapika au kupoteza fahamu, mlaze ubavu.
3. Usimlazimishe kutapika.
4. Mpeleke hospitali mara moja, hasa akiwa na maumivu ya kifua, pumzi ikikata au akizimia.
5. Beba pakiti ya dawa. Kama wewe ndiye uliyemtilia, sema. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko msiba.

Msaada upo

Hatuwezi kukaa jikoni kwa kila mtu. Muuza dawa atakayetoa disulfiramu bila cheti cha daktari ajue kwamba anacheza na roho za watu.

Ulevi ni ugonjwa unaotibika. Hospitali ya Mirembe iliyopo Dodoma na ile ya Mathari jijini Nairobi hutoa huduma za afya ya akili, na kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kukupa rufaa. Dawa ikimdhuru mtu, toa taarifa: Tanzania Bara kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Mama, baba, ndugu mwenye mlevi nyumbani: zungumza naye akiwa hajalewa, mfuate daktari pamoja naye, na kila kidonge akimeze kwa hiari yake mwenyewe, akijua ni cha nini. Dawa anayopewa mtu bila kujua ni sumu.