Umepangiwa Njinjo? Anza na dawati lililo tupu

Mwalimu mpya akisoma kwenye barua yake "Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa", akili hukimbilia baharini: magofu ya Kisiwani, ngalawa, samaki wa Masoko. Wewe wa Njinjo bahari utaiacha nyuma. Utaripoti kwa Mkurugenzi na Afisa Elimu huko Kilwa Masoko, utarudi hadi Nangurukuru, kisha utashika barabara ya Liwale kuingia bara, kwenye bonde la mto Matandu.

Kwa hiyo maliza ya Masoko ukiwa Masoko. Posho ya kujikimu ifuatilie kwa maandishi, hakikisha taarifa zako za benki zimeingia sawasawa, na kila karatasi unayosaini baki na nakala yake. Chandarua na taa ya sola nunua kabla hujapanda gari. Kama ni masika, uliza kwanza hali ya barabara. Mafuriko ya Januari 2020 yaliua watu na kuacha maelfu bila makazi mkoani Lindi, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliikata hata barabara kuu ya Dar es Salaam.

Ukifika, hodi ya kwanza ni kwa Mwalimu Mkuu. Ya pili ni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, na usiwaruke wazee wa msikitini. Shikamoo usiichoke. Chumba cha kupanga, maji, mtu wa kukulindia mlango, vyote hupatikana kwa hao kabla havijapatikana kwa fedha.

Sasa darasani. Vyuoni tunafundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo kana kwamba watoto wote watakuwepo. Hapa chukua daftari la mahudhurio, na kila jina lisiloitikiwa muulize jirani yake wa dawati: "Mwenzako yuko wapi?" Jibu utakalolisikia mara nyingi ni "yuko shamba", nalo lina maana zaidi ya moja. Kuna anayeamia ndege kwenye mpunga. Kuna aliyelala dunguni na baba yake kufukuza nguruwe, akafika nyumbani jua limeshachomoza. Ufuta ukiiva katikati ya mwaka, familia nzima huhamia shambani na mlango wa nyumba hufungwa. Likizo ya jando na unyago nayo wakati mwingine hurefuka kuliko ile iliyoandikwa kwenye kalenda ya Wizara.

Tafuta karatasi ya manila uchore mwaka wa kijiji: kupanda, kuamia, kuvuna ufuta, korosho, mvua inayofunga njia. Mada ngumu ziweke kwenye majuma ambayo darasa hujaa. Majuma ya utoro yafanye ya marudio, kila kipindi kisimame peke yake, ili mtoto aliyekosa siku nne asikute hesabu imemwacha mbali. Kazi hii haimo kwenye fomu yoyote ya ukaguzi, na kwa maoni yangu ndiyo inayomtofautisha mwalimu na msoma mtaala.

Mtoro akirudi, usimpokee kwa fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko ni kwa kosa kubwa tu, visizidi vinne, aitoe Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Mbali na sheria, mtoto aliyekesha akilinda chakula cha nyumbani kwao akichapwa kwa kulinda, kesho atabaki huko huko.

Jambo la pili ni kusoma. Usiamini darasa alilomo mtoto, umri wala urefu wake. Tumia kipimo rahisi kama kile cha tathmini ya Uwezo: herufi, neno, aya, hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwite mmoja mmoja chini ya mwembe, wenzake wasisikie. Wa darasa la tano wanaokwama kwenye silabi utawapata, na hawajakosa akili. Shirika la Pratham nchini India limekuwa likiwapanga watoto wa namna hii kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa, kwa muda fulani kila siku. Hilo halidai bajeti. Linadai walimu wawili watatu wakubaliane.

Sikiliza pia lugha. Nyumbani wengine wanaongea Kingindo au Kimatumbi. Wafugaji waliohamia Lindi baada ya kuondolewa Ihefu na Usangu mwaka 2006 na 2007 wameleta Kisukuma na Kibarabaigi. Mtoto akikosea upatanisho wa ngeli, usimcheke. Darasa zima litacheka baada yako na hatafungua mdomo tena mpaka mtihani wa taifa. Mpe cha kusema. Vita vya Maji Maji vilianza Nandete, wilaya hii hii, Julai 1905. Mtume akamuulize bibi yake alichosimuliwa, alete darasani.

Walimu wenzako utawakuta wamechoka. Kabla hujawahukumu, waulize walishajaribu nini, na kwa nini kilikwama. Wengine wamefundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja miaka mingi.

Mzazi umwendee na daftari la mtoto mkononi, jioni, si siku ya mnada. Mwonyeshe ukurasa uliojaa na ukurasa mtupu, kisha mwombe siku mbili kwa juma ambazo mtoto hatakwenda kuamia. Siku mbili atakupa. Tano atakuitikia tu kwa adabu.

Na orodha yako ya wasiojua kusoma ipeleke kwa Mwalimu Mkuu kabla juma la pili halijaisha, pamoja na ombi moja: nusu saa ya kila asubuhi kwa ajili yao, na ufunguo wa kabati la vitabu.