Kitambulisho cha Taifa: Kipate, Kitumie, Kilinde

Kijitabu cha elimu kwa wananchi

Ukitaka kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki, kuomba pasipoti au kupata namba ya mlipakodi (TIN), swali la kwanza huwa moja: "Namba yako ya NIDA?" Kijitabu hiki kinaeleza namba hiyo ina kazi gani, inapatikanaje, na kwa nini haiazimwi hata kwa ndugu.

1. Msingi wa kisheria

Usajili unasimamiwa na Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ya mwaka 1986. Unawahusu watu wanaoishi nchini Tanzania waliofikisha umri wa miaka 18. Kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliyoanzishwa mwaka 2008. Vitambulisho ni vya aina tatu: cha raia, cha mgeni mkaazi na cha mkimbizi.

Leseni ya udereva inaonyesha kwamba umeruhusiwa kuendesha gari. Kadi ya mpiga kura inaonyesha kwamba umo kwenye daftari la wapiga kura. Kitambulisho cha Taifa kinaeleza wewe ni nani na una hadhi gani nchini, ndiyo maana ofisi nyingine huanzia hapo kabla ya kukuhudumia.

2. Namba na kadi

Namba ya utambulisho ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa: aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1990, namba yake huanza na 19900305. Kwa hiyo tarehe ikikosewa kwenye fomu, kosa huingia ndani ya namba yenyewe. Vilevile, kila anayeiona namba yako ameshaijua tarehe yako ya kuzaliwa.

Namba hutangulia kadi. Ukishaipata unaweza kusajili laini au kuomba TIN hata kama kadi haijachapishwa. Hata hivyo, ukipata ujumbe kwamba kadi iko tayari, nenda ukaichukue. Mwaka 2025 NIDA ilitangaza kusitisha matumizi ya namba za watu walioarifiwa wakachukue kadi zao na hawakujitokeza.

3. Hatua za kujisajili

• Jaza fomu ya maombi kwa majina yako kamili, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule.
• Ambatisha nakala za nyaraka ulizonazo: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, pasipoti, kadi ya mpiga kura au leseni.
• Peleka fomu serikali ya mtaa au kijiji unakoishi ikagongwe muhuri.
• Fika ofisi ya NIDA ya wilaya upigwe picha, uchukuliwe alama za vidole na uweke saini.

Kabla ya kuondoka, soma taarifa zako herufi kwa herufi. Mtu aitwaye Mwanahawa shuleni na Hawa kwenye kitambulisho atasumbuliwa benki, kwenye mafao na hata kwenye mirathi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Kadi ikipotea

Toa taarifa polisi upewe ripoti ya upotevu, kisha uipeleke ofisi ya NIDA ukaombe kadi nyingine. Kadi ya kwanza hutolewa bure. Anayeomba baada ya kupoteza hulipia kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe fedha taslimu mtu anayedai "ana mtu wake ndani". Namba yako haibadiliki.

5. Laini za simu na matapeli

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Tangu hapo, laini iliyosajiliwa kwa namba na kidole chako huhesabika kuwa yako. Ikitumika kutapeli watu, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Kwa hiyo:

• Usimsajilie mtu laini kwa kitambulisho chako, hata akiwa shemeji au mgeni wa nyumbani.
• Wakala akikwambia kidole kimegoma, uweke tena, muulize sababu na uangalie kioo cha simu yake. Dole la pili linaweza kusajili laini ya pili usiyoijua.
• Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika ikafungwe.
• Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

6. Nakala na picha

Usiweke picha ya kitambulisho kwenye kundi la WhatsApp. Anayekuomba nakala, muulize ni ya kazi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zako zikusanywe kwa sababu halali na zitumike kwa sababu hiyo. Ukitoa nakala, andika juu yake tarehe na shughuli iliyokusudiwa, bila kufunika maandishi ya kadi.

Ndugu mwananchi, kama hujajisajili, anzia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji chako. Kama umeshasajiliwa, piga *106# leo, na uwasaidie wazee wa nyumbani kufanya hivyo.