Kuingia Nadharia ya Spini kwa Mlango wa Lamda

Ukiwa umemaliza mekanika ya kwanta ya shahada ya kwanza, na nadharia ya spini katika migongano ya viini vizito inakuvuta, usianze na makala za haidrodinamiki. Milinganyo itakuzamisha kabla hujajua inajibu swali gani. Shika chembe moja, Lamda, na tokeo moja. Mwaka 2017 watafiti wa STAR, waliotumia kichapuzi cha RHIC huko Brookhaven, Marekani, walionyesha kwamba viini vya dhahabu vikigongana kwa pembeni badala ya uso kwa uso, spini za Lamda zinazozaliwa huegemea kidogo kwenye mhimili wa mzunguko wa mgongano. Zuo-Tang Liang na Xin-Nian Wang walikuwa wamelitabiri hilo tangu 2005.

Lamda hujifichua yenyewe. Inapovunjika kuwa protoni na pioni, protoni hupendelea kurukia upande ambao spini imeelekea. Andika kanuni yake: uwezekano kwa kila cosθ ni ½(1 + αP cosθ). Hapa α ni karibu 0.75, P ni kiwango cha spini kuelekea upande mmoja, na θ, pembe kati ya mwelekeo wa protoni na mhimili wa spini, hupimwa katika fremu ambamo Lamda imetulia. Usiliruke sharti hili la mwisho: spini isiyotajiwa mhimili wala fremu haina maana, na mabishano mengi ya wanagenzi huzaliwa hapo.

Sasa kokotoa. Weka P = 0.02, kisha fanya intigrali kutoka cosθ = 0 hadi 1; utapata 0.50375. Maana yake, katika Lamda 10,000, protoni za upande wa spini zitazidi nusu kwa 38 hivi, ilhali kuyumba kwa bahati nasibu tu ni 50. Huoni kitu. Chukua Lamda 1,000,000: ziada ni 3,750, kuyumba ni 500. Hapo utaanza kuwaheshimu wanamajaribio.

Geukia mzunguko wenyewe. Majimaji yanayozaliwa katika mgongano yakiwa katika usawa wa joto, P ≈ ω/2T, ambapo ω ni kasi ya mzunguko na T ni halijoto. Kwa P ileile ya 0.02 na T ya MeV 160, ω inakuwa MeV 6.4, igawanye kwa ħ, utapata takriban 10²² kwa sekunde. STAR walikadiria 9 × 10²¹. Si haba kwa mistari miwili ya hesabu.

Lakini usilewe. Hoja hiyohiyo ilipopelekwa kwenye spini zinazoelekea upande wa miale ya viini vinavyogongana, ilitoa mpangilio wenye alama kinyume na ya data. Mwaka 2021 wanadharia walionyesha kwamba tabaka za majimaji zinapoteleza moja juu ya nyingine, nazo huielekeza spini, na mchango huo haukuwemo katika hesabu za awali. Sasa ndipo uzifungue zile makala za haidrodinamiki. Zipo arXiv, bure. Soma ukiwa na kalamu, ukifuatilia alama ya kujumlisha au kutoa mstari kwa mstari, kwani ugomvi wenyewe uko kwenye alama.