Soma mipangilio ya usanifu kabla hujanunua mabomba

Leo tunaweka jembe pembeni kidogo, tushike kompyuta. Msiogope, somo ni fupi.

Kikundi kimoja ninachokihudumia kilikuwa tayari kununua mabomba ya umwagiliaji wa matone. Mhandisi alishafanya usanifu kwa programu ya EPANET, akatuletea ramani ya rangi na faili lake. Mama mwenyekiti akaniuliza, "Bwana shamba, sasa hii tunaisomaje?" Nikajaribu kulifungua kwa Notepad, zikaja alama zisizoeleweka. Ndipo nikajifunza hiki ninachowafundisha leo.

EPANET ilitengenezwa na shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1993. Ni ya bure. Inapiga hesabu ya maji na presha ndani ya mabomba. Faili lake la kawaida huishia na .net, na hilo halisomeki nje ya programu. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Fungua faili ndani ya EPANET.
2. Bofya File, kisha Export, kisha Network. Lipe jina, uhifadhi. Utapata faili la .inp.
3. Lifungue hilo kwa Notepad. Ni maandishi matupu, unaweza kuyachapa ukagawia kamati.
4. Ukitaka na matokeo ya hesabu, endesha hesabu kwanza, halafu bofya Report, kisha Full.

Ndani ya .inp tafuta sehemu yenye kichwa OPTIONS. Hapo ndipo mipangilio ilipo. Angalia mistari hii:

- Units: LPS ni lita kwa sekunde, urefu wa bomba ni mita na kipenyo ni milimita. Ukikuta GPM ni galoni za Marekani kwa dakika, urefu ni futi na kipenyo ni inchi. Bomba la "90" hapo lina maana nyingine kabisa!
- Headloss: hii ni kanuni ya kupima presha inayopotea. Kama ni H-W, bomba la plastiki huandikwa namba ya 140 hadi 150. Kama ni D-W na vipimo ni LPS, namba hiyo ni ukwaruzo kwa milimita, kwa hiyo ukikuta 140 kuna kosa.
- Demand Multiplier: mahitaji yote ya maji yanazidishwa kwa namba hii. Kawaida ni 1.
- Duration, kwenye sehemu ya TIMES: ikiwa 0, hesabu ni ya wakati mmoja tu, si ya siku nzima.

Kwenye faili letu Demand Multiplier ilikuwa 0.5. Yaani hesabu yote ilipigwa kwa nusu ya maji!

Mtu atasema nusu si mbaya sana. Ngoja tuone. Tenki letu liko mita 20 juu ya shamba la mwisho. Hesabu ilionyesha mita 5 zinapotelea njiani, zinabaki 15. Mipira yetu ya matone inataka kama 10, kwa hiyo kwenye karatasi mambo safi. Lakini kwa kanuni ya H-W, maji yakiongezeka mara 2, upotevu unaongezeka karibu mara 3.6. Mita 5 zinakuwa 18. Shamba la mwisho linabaki na mita 2. Huyo mkulima wa mwisho angechangia sawa na wenzake halafu akaangalia mipira mikavu.

Tulimpigia mhandisi. Hakubisha. Alikuwa amejaribu kumwagilia kwa zamu, nusu shamba kwa nusu, akasahau kurudisha namba. Akarekebisha, bomba kuu likaongezwa kipenyo. Gharama ilipanda, watu wakanung'unika, lakini bora kunung'unika kabla ya kulipa.

Ushauri wangu: kwenye makubaliano na msanifu yeyote, andikeni kwamba atakabidhi faili la .inp pamoja na ukurasa 1 wa mipangilio, kila mstari ukiwa na thamani yake na maelezo kwa Kiswahili. Msomeeni mbele ya kikao, aeleze kila namba. Aliyesanifu vizuri hatakasirika.

Haya, kazi njema. Tukutane somo lijalo.