Kungoja na Kuagiza: Miito ya Mfumo wa Uendeshaji na Uundaji wa Istilahi za Tarakilishi

1. Utangulizi

Mtafsiri wa matini za tarakilishi hukumbana mapema na neno asinkroni, linaloelezea namna fulani ya kuingiza na kutoa data. Njia iliyo rahisi ni kuvitafsiri vijenzi vyake vya Kigiriki, yaani kikanushi, pamoja na wakati, na kupata "isiyo ya wakati mmoja". Makala haya yanashikilia kwamba tafsiri hiyo, japo ni aminifu kwa umbo la neno, inaipotosha dhana. Eugen Wüster wa Austria (1898-1977), mwasisi wa nadharia ya jumla ya istilahi, alisisitiza kuwa uundaji wa istilahi huanzia kwenye dhana, wala si kwenye neno. Kwa hivyo, sharti kwanza ifahamike kazi inayofanyika ndani ya tarakilishi.

2. Mwito unaongojesha

Programu ya kawaida hairuhusiwi kuigusa diski wala kadi ya mtandao moja kwa moja. Huomba huduma hiyo kwa kiini cha mfumo wa uendeshaji, na ombi hilo ndilo mwito wa mfumo. Katika mifumo ya jamii ya Unix, mathalani, mwito read huomba data zisomwe na mwito write huomba ziandikwe.

Kwa desturi, data zisipokuwapo, kiini huilaza programu hadi zifike. Diski ya kuzunguka huweza kuchukua milisekunde 10 hivi kuzifikia data. Katika muda huo, prosesa ya gigahezi 1 hupitisha mizunguko milioni 10. Prosesa yenyewe haikai bure, kwani kiini huwapa wengine zamu. Lakini programu iliyolazwa haiwezi kufanya lolote. Ikiwa inawahudumia wateja wengi kwa zamu, mteja mmoja mzito huwachelewesha wote.

3. Mwito wa kujaribu na mwito wa kuarifu utayari

Suluhisho la kwanza ni kukiagiza kiini kisiilaze programu kamwe. Data zikiwapo, mwito huzirejesha. Zisipokuwapo, hurejea papo hapo na jibu la "jaribu tena". Hapa hakuna kazi iliyopokewa ili ikamilishwe baadaye. Programu imebisha hodi, imekosa mwenyeji, ikaondoka.

Kubisha hodi mfululizo ni kupoteza nguvu. Ndipo ukazuka mwito select, ulioenea kupitia toleo la 4.2BSD la mwaka wa 1983. Huu hupewa orodha ya milango na kurejea pindi mmojawapo unapokuwa tayari. Hata hivyo, katika Linux orodha yake kwa kawaida haivuki milango 1,024, na sharti ipitiwe yote kila mara. Mnamo 1999, Dan Kegel aliutanga mjadala wa jinsi seva moja ingeweza kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja. Mwaka wa 2002, Linux iliongezewa epoll, ambayo huitunza orodha ndani ya kiini na kurejesha milango iliyo tayari pekee.

Udhaifu mmoja ulisalia. Utayari ni dhana inayozifaa soketi za mtandao, ambamo data huja au haziji. Faili ya kawaida iliyo diskini huhesabiwa kuwa tayari daima, hata pale ambapo kuisoma kutailaza programu. Kwa sababu hiyo, epoll huikataa faili ya aina hiyo.

4. Mwito wa kuagiza

Namna ya tatu ndiyo asinkroni halisi. Programu hukabidhi kazi nzima: soma sehemu hii ya faili, uziweke data katika hifadhi hii ya muda. Kiini huipokea kazi, programu huendelea na shughuli zake, kisha huarifiwa kazi inapokamilika. Viwango vya POSIX viliiweka namna hii katika miito kama aio_read mwaka wa 1993. Mwaka wa 2019, toleo la 5.1 la Linux lilileta io_uring, iliyobuniwa na Jens Axboe. Humo programu na kiini hushiriki foleni mbili: moja ya maagizo, nyingine ya matokeo.

Tofauti ya namna hizi inaonekana vyema katika sarufi ya Kiswahili. epoll husema "data zinaweza kusomwa". Io_uring husema "data zimeshasomwa". Anayezichanganya kauli hizi atakosea vibaya. Baada ya kuagiza, hifadhi ile ya muda huwa mikononi mwa kiini hadi kazi ikamilike. Programu ikiiandika upya au kuiachilia mapema, data zitavurugika, na huenda kosa lisijitokeze siku ya majaribio.

5. Athari kwa istilahi

Ni bayana sasa kwamba "isiyo ya wakati mmoja" inasema kinyume cha mambo. Faida ya namna ya tatu ni kwamba programu na diski hufanya kazi wakati mmoja. Kisichokuwapo ni kungoja. Isitoshe, istilahi hiyo moja huzifunika namna tatu zinazodai uangalifu tofauti. Makala haya yanapendekeza:

(i) mwito unaongojesha: mwitaji hulazwa hadi jibu lipatikane;
(ii) mwito wa kujaribu, pamoja na mwenzake, mwito wa kuarifu utayari: mwitaji huifanya kazi mwenyewe wakati ufaao;
(iii) mwito wa kuagiza: kiini huifanya kazi na kuarifu ukamilifu.

Yupo atakayedai kwamba kutohoa asinkroni kunatosha, kwa kuwa neno hilo ni la kimataifa. Utohozi una manufaa yake: humwezesha mwanafunzi kulitambua neno anapolikuta katika lugha nyingine. Lakini neno lililotoholewa halimwambii ni nani anayengoja na nani anayetenda. Vitenzi ngoja, jaribu na agiza vinamwambia.

6. Hitimisho

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulidhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kukaa kwenye kioo cha tarakilishi. Kazi inayofuata ni kukifikisha kwenye kiini. Huko, mwanaistilahi hana budi kuuliza kwanza kitu kinafanya nini, ndipo aulize kiitweje.