'SHORE' NA 'BANK': TATIZO LA VISAWE KATIKA MPAKA WA ZIWA NYASA

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza maneno mawili ya Kiingereza, 'shore' na 'bank', ambayo katika tafsiri yote mawili huweza kupewa kisawe kimoja, yaani ukingo. Hoja inayojengwa ni kwamba kisawe hicho huficha tofauti inayogusa mpaka wa nchi kwa wakazi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

2.0 Vijenzi vya Maana

Maneno haya yana kijenzi kimoja cha pamoja: yote hutaja mahali nchi kavu inapokutana na maji. Hata hivyo, 'shore' hutumika kwa bahari na ziwa, na hutaja ukanda ambao maji huufunika na kuuacha. 'Bank' hutumika hasa kwa mto, na hutaja ardhi iliyoinuka inayouzuia mkondo kila upande. Kiswahili nacho kina uwezo wa kuzitenga dhana hizi. Usipa huanikwa ufukoni; Mto Ruhuhu ukifurika, huvuka kingo zake.

3.0 Matumizi katika Mkataba wa 1890

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 ulitumia maneno yote mawili katika maelezo ya mpaka mmoja. Mstari unafuata 'shore' ya mashariki, ya kaskazini na ya magharibi ya ziwa, hadi 'bank' ya kaskazini kwenye mlango wa Mto Songwe. Mfasiri akiandika ukingo kotekote, msomaji hatatambua kwamba sehemu ya kwanza ya mstari huo imewekwa mahali panaposogea. Kati ya 1915 na 1935, kwa mfano, maji ya ziwa hayakutoka kupitia Mto Shire, na kina chake kilipanda. Kina kinapopanda, ufuko nao husogea kuelekea nchi kavu.

Malawi hushikilia maneno ya mkataba huo. Tanzania, iliyowasilisha dai lake mwaka 1967, hutaka mpaka upite katikati ya ziwa kwa mujibu wa desturi ya sheria ya kimataifa. Kwa tafsiri ya kwanza, mvuvi wa Liuli anayetosa wavu hatua chache kutoka ufukoni yumo nchi nyingine. Kwa ya pili, bado yumo nchini mwake.

4.0 Hitimisho

Uchambuzi wa maana hauwezi kuamua mgogoro huo, kwani mpaka huamuliwa kwa sheria na makubaliano. Unachoweza ni kumwonyesha raia, kwa lugha yake, kinachobishaniwa. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba katika tafsiri za hati za mipaka 'shore' iwe ufuko, na 'bank' iwe ukingo, bila kubadilishana.